Kuvu ya Kufukuza Kuvu

Katika soko la nafaka la Tandale, wilayani Kinondoni, mnunuzi mzoefu hanunui gunia kwa kuliangalia nje. Huchukua bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji na ncha kali, akalichoma gunia ubavuni na kukinga punje kiganjani. Anatazama rangi. Anauma punje moja ajue imekauka kiasi gani. Anatafuta tundu la fukusi, ananusa kama kuna uvundo. Kwa dakika moja tu ameshajua mengi kuhusu mahindi yale, na bei anayotaja inatokana na hayo aliyoyaona. Lakini kuna jambo moja ambalo bambo haliwezi kumwambia, nalo ndilo zito kuliko yote: kama mahindi hayo yana sumukuvu.

Sumukuvu haionekani, hainuki, haina ladha, wala haiishi kwa kusonga ugali. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoishi kwenye udongo na mabaki ya mazao. Wengi hudhani ni tatizo la ghala bovu. Ghala bovu hulizidisha, ni kweli, ila mara nyingi kuvu huwa imeshaingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, mmea unapokuwa umechoka. Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga. Afrika Mashariki imeijua kwa misiba ya watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania: Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao hawakupona. Kisha Machi 2021 Kenya ikazuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumu hiyohiyo, malori yakakwama mpakani. Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu katika sehemu bilioni moja.

Kinga iliyopatikana ni kuvu hiyohiyo.

Ukweli ni kwamba Aspergillus flavus si wa ukoo mmoja wenye tabia moja. Wako wanaotengeneza sumu kwa wingi, na wako waliopoteza kabisa uwezo huo, ilhali wote wanaishi shamba moja na kula chakula kilekile. Peter Cotty, mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliona kwamba ukiwatanguliza wale wasio na sumu, wenye sumu hukosa mahali pa kukaa. Alianzia kwenye pamba ya Arizona. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ikaichukua kazi hiyo na kuileta Afrika chini ya Ranajit Bandyopadhyay, na bidhaa ikapewa jina la Aflasafe. Kila nchi hutumia kuvu zilizokusanywa kwenye udongo wake yenyewe. Ya Tanzania, Aflasafe TZ01, ilisajiliwa mwaka 2018, na kampuni ya A to Z ya Arusha, inayojulikana zaidi kwa vyandarua, ikapewa kazi ya kuitengeneza.

Ukiishika mkononi, Aflasafe ni mtama. Punje zimeokwa mpaka zikafa ili zisiote, kisha zikapakwa mbegu za kuvu na rangi ya buluu ili mtu asizidhanie chakula. Haipulizwi kwa bomba. Mkulima huitembeza shambani na kuirusha kwa mkono kama anayelisha kuku, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Ardhi ikiwa na unyevu, siku chache baadaye kila punje huota manyoya ya kijani. Upepo na wadudu huchukua vumbi lile hadi kwenye ndevu za hindi, na kuvu yenye sumu inapofika inakuta pameshajaa. Ni kama siti ya daladala pale kituo cha Makumbusho asubuhi: aliyewahi ndiye aliyekaa. Katika majaribio ya nchi nyingi za Afrika sumu imekuwa ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Wazo hilo si geni kwa watu wa hapa. Anayeweka maziwa yagande kwenye kibuyu, au anayechachua uji wa mtama kupata togwa, anafanya jambo lilelile: anawapa bakteria wema nafasi ya kwanza, nao wanaongeza ukali kwenye chombo hadi vijidudu vya kuozesha na vya kuharisha vishindwe kuishi. Utafiti uliofanyika Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuliwa hivyo waliharisha mara chache kuliko wenzao. Bibi aliyekuwa akiacha kidogo cha togwa ya jana kuchanganya na ya leo alikuwa akitunza mbegu ya walinzi wake, ingawa hakuwahi kuwaona kwa darubini.

Kuwahi nafasi ni njia moja. Njia ya pili ni kumwambukiza adui ugonjwa wake mwenyewe.

Mwaka 2009 nzige wekundu walipofurika kwenye mbuga za Iku-Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, ndege zilinyunyiza mbegu za kuvu ya Metarhizium kwenye takribani hekta 10,000. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kiuatilifu hai kutumika dhidi ya nzige Afrika kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Metarhizium hutua kwenye gamba la nzige, huota, hulitoboa na kumla mdudu kwa ndani. Samaki, ndege na nyuki wanaoishi kwenye majimaji yale haiwahusu. Sababu ya kuichagua ilikuwa hiyohiyo: hakuna mwenye akili timamu anayemwaga sumu ya kemikali kwenye bonde lenye viboko, samaki na wavuvi.

Magharibi mwa Kenya, Metarhizium amepata ndugu mwenye kazi tofauti. Huko mahindi yanasumbuliwa na kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalojishikiza kwenye mizizi na kunyonya mmea tangu chini ya ardhi. Wapo wanaoliita gugu kichawi. Watafiti wakiongozwa na Henry Nzioki walichagua kuvu aina ya Fusarium inayoliambukiza gugu hilo peke yake na kuliacha hindi salama. Mbegu ya kuvu hufika kijijini ikiwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno, huoteshwa kwenye wali uliopikwa, na wali huo huwekwa shimoni pamoja na mbegu ya mahindi. Kwenye mashamba 500 ya wakulima mavuno yaliongezeka kwa asilimia 42 msimu wa mvua fupi na 56 msimu wa mvua ndefu. Kenya iliisajili dawa hiyo mwaka 2021 kwa jina la Kichawi Kill. Inastahili kutazamwa na kila nchi jirani, kwa kuwa imetatua swali linaloziangusha bidhaa nyingi za aina hii: mlinzi aliye hai atafikaje kijijini akiwa bado hai? Jibu lao ni kwamba azalishwe palepale, kwenye sufuria ya wali.

Ukirudi Kinondoni, historia ya kazi hii ina anuani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, sasa TARI Mikocheni, kimerithi kazi ya mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani. Adui mmojawapo wa mnazi alikuwa chonga, yule mende mwenye pembe anayetoboa moyo wa mti na kuacha makuti yamekatika kama yamepitiwa na mkasi. Alois Huger, mtafiti wa Ujerumani, alikuwa amegundua mwaka 1963 huko Malaysia virusi vinavyowaua jamaa za chonga, na vilipopelekwa Samoa mwaka 1967 minazi ilipona kwa namna iliyowashangaza wataalamu. Miaka ya 1980 virusi hivyo vililetwa na kuachiwa kwenye minazi ya Tanzania. Matokeo hayakufikia yale ya Pasifiki. Chonga wa Afrika ni wa aina nyingine, na ugonjwa uliomfaa mmoja haukumfaa vilevile nduguye. Somo hilo lina thamani kuliko ushindi mwingi: kiuatilifu hai huchagua sana, na uchaguzi huohuo unaokifanya kiwe salama kwa nyuki ndio unaokifanya kishindwe ukikipeleka kwa adui asiye wake.

Lakini kazi iliyowafikia wakazi wa jiji hadi mlangoni haikuwa ya mnazi wala ya hindi. Ilikuwa ya mbu.

Bacillus thuringiensis ni bakteria wa udongoni. Mjapani Ishiwata alimwona mwaka 1901 akiwaua viwavi wa hariri, na baadaye Mjerumani Berliner akamwita kwa jina la jimbo la Thuringia. Akijiandaa kulala, bakteria huyu hutengeneza chembe ya protini. Mdudu anayehusika akiimeza, utumbo wake hutoboka. Iko aina ya viwavi, na iko aina ya viluwiluwi vya mbu. Mpango wa kudhibiti malaria mijini Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2004, uligawa kazi kwenye kata 15 za Kinondoni, Ilala na Temeke, zenye wakazi zaidi ya 600,000. Machi 2006 unyunyizaji ukaanza kwenye kata tatu, moja kwa kila manispaa: Mikocheni, Buguruni na Kurasini. Wakazi wenyewe walichukuliwa kwenye mitaa yao, wakachora ramani za kila dimbwi, mtaro, shimo la choo na tuta la mpunga, kisha wakawa wanapita kila wiki na chembechembe za bakteria mkononi. Watafiti walipopima damu za watoto, uwezekano wa mtoto kuwa na malaria kwenye maeneo yaliyonyunyizwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 72.

Kilicholeta asilimia hizo ni miguu. Bakteria yuleyule akimwagwa mara moja kwa mwezi na mtu asiyejua dimbwi liko nyuma ya nyumba gani, hafui dafu. Ndiyo maana kiwanda cha viuatilifu hai cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa na Rais Jakaya Kikwete tarehe 2 Julai 2015, kimekuwa na safari ngumu. Kilijengwa kiweze kutoa lita milioni 6 kwa mwaka. Dawa ipo, umbali kutoka Kibaha hadi Kinondoni ni mwendo wa saa chache hata foleni ikiwa mbaya, lakini halmashauri zilikuwa zikisuasua kununua hata ikabidi Rais John Magufuli, alipotembelea kiwanda Juni 2017, aziagize zinunue. Agizo hununua madumu. Haliajiri mpitaji wa kila wiki anayeujua mtaa.

Sasa itazamwe bustani. Kandokando ya mito ya Kinondoni, kuanzia Mlalakuwa hadi Tegeta, na kwenye mabonde ya Temeke, wapo wanaolima mchicha, chainizi, matembele na sukuma wiki kwenye matuta ya hatua chache. Mchicha huchukua wiki tatu hadi nne tu tangu kupandwa hadi kung'olewa, na mama anayekuja kununua hulipia tuta zima, akalivuna alfajiri na kulipeleka genge. Hapo ndipo kemikali inapokosa nafasi ya haki. Dawa nyingi zinadai siku kadhaa, nyingine wiki mbili, kabla mboga haijaliwa. Mmea unaoishi siku 25 hauna wiki mbili za kusubiri. Mkulima aliyeona viwavi Jumatatu na ana mteja Ijumaa atapuliza, na atauza. Kumlaumu yeye peke yake ni kukwepa hesabu. Kiuatilifu hai kama Bacillus thuringiensis hakimdai mlaji siku hizo, na kwa mboga za muda mfupi hiyo ni faida inayozidi nyingine zote. Ukiangalia tatizo la mboga za jiji kwa upande huo, hakuna sehemu ya kilimo inayohitaji walinzi hawa haraka kuliko matuta ya mchicha.

Kwenye nyanya, aliyewafungua wakulima macho ni kantangaze. Ndilo jina walilompa nondo Tuta absoluta, aliyeingia nchini mwaka 2014 na kuwatangazia hasara. Alikuja akiwa ameshazoea sumu nyingi, mabomba yakapulizwa bila nafuu, na hapo ndipo wengi waliposikia kwa mara ya kwanza habari za Metarhizium na bakteria wa viwavi. Nairobi, taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe ilikuwa imekwishachambua aina kadhaa za Metarhizium, na kampuni ya Real IPM ya Thika ikazifanya bidhaa. Ile iliyochaguliwa dhidi ya vithiripi na vidung'ata imevuka mpaka hadi Tanzania.

Kikwazo kiko dukani. Duka la pembejeo la kawaida lina paa la bati, na saa nane mchana ndani yake ni tanuri. Kopo la kemikali litavumilia. Kifuko cha mbegu za kuvu kikikaa hapo miezi miwili kinageuka unga tu, mkulima atapuliza, wadudu wataendelea kula, naye atawaambia majirani kwamba dawa za kibiolojia ni utapeli. Hajadanganya, kwani alichonunua kilikuwa kimekufa. Tena hata kifuko kizima kina masharti yake: kipulizwe jioni kwa sababu jua huua mbegu za kuvu, bomba lisiwe na mabaki ya dawa ya kuua ukungu, na mwenye bustani asitegemee kuona wadudu chini kesho asubuhi. Kuvu huchukua siku kadhaa, hata wiki. Kwa mtu aliyezoea sumu inayoangusha mdudu papo hapo, wiki ni ndefu mno.

Wala walinzi hawa hawashindwi kuzoeleka. Mwaka 1990 watafiti waliripoti kutoka Hawaii kwamba nondo wa kabichi, yule mwenye alama za almasi mgongoni, alikuwa ameshazoea Bacillus thuringiensis iliyopulizwa mfululizo mashambani. Nondo huyohuyo yuko kwenye chainizi za Kinondoni. Kupuliza aina moja kila wiki, mwaka mzima, ni kumfundisha.

Kabla ya dawa yoyote kuna udongo. Mabwepande, kaskazini mwa manispaa, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano wa Kinondoni na jiji la Hamburg, kinachogeuza taka za masokoni kuwa mboji. Mboji iliyoiva vizuri huja na Trichoderma na jamii za Bacillus ambao hupigania chakula na vimelea vya kinyaushi, ule ugonjwa unaoangusha miche kitaluni ikiwa na majani mawili tu. Majani ya kabichi yaliyotupwa Tandale yanaweza hivyo kurudi kama ulinzi wa mche wa kabichi Bunju. Ni kazi isiyo na mbwembwe, nayo pengine ndiyo rahisi kuliko zote zilizotajwa hapa.

Upande wa vifaa na majengo, safari bado ni changa, lakini wazo la siti ya daladala limefika huko pia. Mafundi seremala wa Keko, Temeke, wanajua mbao za paini zinavyoingia madoa ya buluu zikichelewa kukauka: ubao hauozi, ila mteja anaukataa. Marekani, miaka ya 1990, ilitengenezwa dawa iitwayo Cartapip kutokana na kuvu ya madoa hayohayo iliyopoteza rangi. Ikitangulia kwenye gogo, inakula chakula ambacho kuvu ya buluu ingekikuta. Uingereza, miaka ya 1960, John Rishbeth alionyesha kwamba visiki vya misonobari vikipakwa kuvu isiyo na madhara siku ya kukatwa, kuvu inayoozesha mizizi haipati mlango wa kuingilia msituni. Kwa mashamba ya paini kama Sao Hill, na kwa magogo yanayosubiri lori siku nyingi, hilo ni somo la kuchukuliwa. Mchwa wamekuwa wagumu zaidi. Metarhizium huwaua maabara, lakini kwenye kichuguu husafishana miili na kuwazika waliokufa, hivyo fundi wa Keko anayepaka oili chafu kwenye mguu wa kitanda hajapata bado mbadala wa kumshawishi.

Na kuna mawe. Makaburi na msikiti wa Kunduchi, hapahapa Kinondoni, ni matumbawe na chokaa, na ukungu wa kijani na mizizi huyala kila masika. Mwaka 1993, mji wa Thouars nchini Ufaransa, mnara wa kanisa ulinyunyiziwa bakteria wanaotengeneza tabaka jembamba la chokaa, na jiwe likajipatia ngozi mpya. Chokaa juu ya chokaa inafaa kwa Kunduchi kuliko saruji, ambayo hubana unyevu na kubomoa kuta za kale. Jaribio lianzie kwenye kipande cha ukuta ulioanguka, mbali na makaburi yenyewe.

Ukijumlisha, Kinondoni haikosi sayansi. Ina kituo cha utafiti Mikocheni, mboji Mabwepande, kiwanda cha jirani huko Kibaha, na wakazi waliowahi kupita na bakteria mkononi kila wiki mwaka 2006. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inasajili bidhaa. Kinachokosekana ni vitu vya bei ndogo: jokofu moja kwenye duka la pembejeo, kifuko cha kutosha bomba moja badala ya hekta moja, na afisa ugani wa kata anayelipwa kupita kwenye matuta wiki baada ya wiki. Manispaa inaweza kuanza na bonde moja.

Na mfanyabiashara wa Tandale anaweza kuanza hata kabla ya manispaa. Mahindi anayoyaagiza Kibaigwa au Kiteto yalikingwa, au hayakukingwa, wiki mbili au tatu kabla ya kutoa maua, na bambo lake halitamwambia. Amuulize muuzaji kama shamba lilirushiwa Aflasafe, na akijibiwa ndiyo, na vipimo vikathibitisha, aongeze shilingi kidogo kwenye kila kilo.